Majina Tuazime, Vitenzi Viwe Vyetu: PCR Mbele ya Kiswahili

Katika kitivo chetu tumezoea kuzungumza juu ya istilahi kana kwamba lugha ni ghala la majina. Somo jipya la sayansi likitokea, swali letu la kwanza ni: hiki kinaitwaje kwa Kiswahili? Tunatunga jina, tunaliingiza katika orodha, tunapongezana, na orodha inakwenda kulala kabatini pamoja na kazi za wahitimu wa miaka iliyopita. Nataka kutetea njia nyingine. Mfano wangu ni PCR, kipimo ambacho kila mtu wa Kivu amekisikia tangu Ebola ya 2018, kisha Korona, kisha mpox, na ambacho wachache sana wameelezwa kinafanya nini.

Msimamo wangu ni kwamba PCR ibaki PCR. Polimerezi ibaki polimerezi, na ADN ibaki ADN kama tulivyoifundishwa kwa Kifaransa tangu sekondari. Kazi ya mwanaisimu iko kwenye vitenzi. PCR ni mfululizo wa matendo, na lugha yenye kauli za kutendua, kutendeka, kutendana na kutendesha inaweza kuyaeleza matendo hayo vizuri kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Nianze na kitenzi kibaya. Mwulize mwanafunzi yeyote PCR inafanya nini, atakujibu kwamba inapiga kopi ADN. Sote tunamjua kijana wa fotokopi kwenye mlango wa kampasi, na jenereta lake linalonguruma. Unampa karatasi, anaiweka kwenye kioo, anakutolea nakala, na karatasi yako unarudi nayo nyumbani ikiwa vilevile. Ukitaka nakala mia, karatasi ileile inamulikwa mara mia. Sasa PCR haifanani na kazi ya kijana huyu karibu popote. Haina karatasi ya asili inayorudi kwa mwenyewe. Inachoandika mbele ya kila uzi hakilingani na uzi huo. Tena nakala zake zenyewe zinageuka kuwa asili za nakala nyingine. Anayefikiri fotokopi hataelewa kwa nini kipimo hiki kina nguvu, wala kwa nini wakati mwingine kinanyamaza.

ADN ni nyuzi mbili zilizosokotana. Kila uzi ni mstari mrefu wa herufi nne tu: A, T, G na C. Mbele ya A husimama T, mbele ya G husimama C. Kwa hiyo ukiujua uzi mmoja umekwisha kuujua wa pili, lakini huwezi kusema wa pili ni nakala ya wa kwanza. Afadhali kusema ni jibu lake, kama vile mwimbishaji anapotoa sauti na waitikiaji wakaitikia kwa maneno mengine yanayojulikana mapema. Hapo ndipo siri yote ilipo. Ukizitenganisha nyuzi mbili, na kila mmoja ukaupatia jibu lake upya, unakuwa na jozi mbili zinazofanana kabisa na ile ya mwanzo, na katika kila jozi uzi mmoja ni wa zamani, mmoja ni mpya. Ile jozi ya kwanza haipo tena pembeni. Imegawanyika ndani ya watoto wake.

Matendo ni matatu. La kwanza naliita kufumua. Mrija mdogo wenye sampuli unapashwa moto mpaka digrii 95 hivi, na nyuzi zilizosokotana zinafumuka. Nimechagua kitenzi hiki kwa makusudi. Dada zetu hufumua nywele kila mara, na wanajua kwamba kufumua hakukati kitu: unywele unabaki mzima, kinachoachia ni msuko. Ndivyo ilivyo kwa ADN. Herufi za uzi mmoja zinaendelea kushikana kwa nguvu, na kinacholegea ni mshikamano kati ya uzi na uzi. Neno la Kifaransa la hatua hii linamfanya msikilizaji afikirie kitu kilichoharibiwa asili yake. Kiambishi chetu cha kutendua, kilekile cha funga na fungua, ziba na zibua, kinasema ukweli zaidi, kwa maana tendo linalotenduliwa linaweza kutendwa tena.

La pili ni kushika. Joto linateremshwa mpaka kati ya digrii 50 na 65, na vipande vifupi vilivyotiwa mle ndani kabla ya kazi kuanza vinashika mahali pao kwenye nyuzi zilizoachana. Vipande hivi ninaviita vianzio. Vimetengenezwa na watu, herufi kwa herufi, kila kimoja kina urefu wa herufi 20 hivi, na vinahitajika viwili: kimoja kwa mwanzo wa sehemu inayotafutwa kwenye uzi huu, kingine kwa mwisho wake kwenye uzi ule. Vinahitajika kwa sababu polimerezi, kimeng'enya kinachoandika, kina upungufu mmoja wa ajabu: hakijui kuanza. Kipe uzi mtupu, kitaukodolea macho tu. Kipe uzi wenye mwanzo ulioshikizwa, kitaendeleza kutoka hapo, tena kwa mwelekeo mmoja tu, kama sisi tunavyoandika kutoka kushoto kwenda kulia.

Hapo nasimama kidogo, maana kwa mwanafunzi wa lugha kianzio ndicho kitu cha kuvutia kuliko vyote. Kwa herufi nne, maneno ya herufi 20 yanayoweza kuandikwa ni zaidi ya trilioni moja. ADN yote ya binadamu ina herufi bilioni 3 hivi. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba neno la herufi 20 lililochaguliwa vizuri linaweza kutokea mahali pamoja tu katika kitabu chote. Kwa hiyo PCR haiandiki upya kila inachokikuta katika damu ya mtu. Inatafuta neno, na isipolikuta haiandiki kitu. Kabla ya kuwa mashine ya kuzidisha, ni mashine ya kutafuta.

La tatu ni kurefusha. Joto linapanda hadi digrii 72, na polimerezi inakirefusha kianzio, ikiongeza T mbele ya A, C mbele ya G, mpaka wakati wake uishe. Halafu joto linapanda tena hadi 95, nyuzi zinafumuka, na mzunguko unaanza upya. Jozi moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Baada ya mizunguko 30, kama kila kitu kimekwenda bila hasara, jozi moja imekuwa 1,073,741,824. Kwa kweli hasara ipo, na mwishoni vifaa vinapungua mrijani, lakini picha ni hiyo. Mizunguko hiyo yote huchukua saa moja au mbili tu. Kitu kidogo ninachokipenda: katika mizunguko miwili ya kwanza polimerezi hupitiliza mpaka wa sehemu inayotakiwa, kwa sababu hakuna kilichoiambia isimame. Jozi zenye urefu kamili huanza kuonekana katika mzunguko wa tatu tu, pale vianzio viwili vinapokuwa vimeweka mipaka pande zote mbili. Baadaye hizo ndizo zinazojaza mrija.

Wazo hili lilimjia Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, akiendesha gari usiku huko California. Alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Cetus, na alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Kampuni ilimpa zawadi ya dola 10,000. Baadaye haki za uvumbuzi ziliuzwa kwa dola milioni 300. Wasomi wa sheria watuelezee hesabu hiyo. Kinachonihusu mimi ni tatizo lililobaki hata baada ya wazo kupatikana: moto unaofumua nyuzi ulikuwa ukiua pia kimeng'enya kinachoandika. Wenzake Mullis walilazimika kutia kimeng'enya kipya katika kila mzunguko, kwa mkono. Ukombozi ulitoka kwa bakteria anayeishi katika chemchemi za maji ya moto za Yellowstone, Thermus aquaticus, aliyekwisha kugunduliwa katika miaka ya 1960 na Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze. Walipomtafuta hawakuwa na PCR akilini. Polimerezi ya kiumbe huyo inavumilia digrii 95, na tangu ilipoingizwa katika kazi hii mwishoni mwa miaka ya 1980, mashine inaweza kuzunguka peke yake.

Wenzangu wanaosoma miswada ya kale watatambua jambo lingine. Polimerezi hiyo ya chemchemi haina tabia ya kurudi nyuma na kusahihisha ilichoandika. Kosa likiingia mapema, linarithiwa na kila uzi unaotoka katika tawi hilo; likiingia katika mzunguko wa 29, halimsumbui mtu. Ni mantiki ileile ya nasaba za miswada: kosa la mnakili wa kwanza linaonekana katika mikono yote iliyofuata, na kosa la mnakili wa mwisho linabaki kwake. Walimu wetu wa filolojia wangeweza kufundisha somo hilo katika kitivo cha biolojia bila kubadilisha maelezo yao sana.

Kinachonifanya niandike kimeanzia mbali na miswada. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini, ikaenea hadi Ituri na kuisha tarehe 25 Juni 2020, ilipata watu 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Kipimo cha kuamua nani ameambukizwa kilikuwa PCR, mara nyingi ndani ya mashine ndogo za GeneXpert. Virusi vya Ebola havina ADN, vina ARN, hivyo kwanza ARN inaandikwa kuwa ADN kwa kimeng'enya kingine, ndipo kufumua, kushika na kurefusha vinapoanza.

Kanuni ya tiba ilikuwa wazi: mtu aliyepimwa kabla ya saa 72 kupita tangu dalili zake zianze, jibu likiwa «negatifu», hawezi kuachiwa kwa jibu hilo pekee. Lazima apimwe tena. Ukiwa umeelewa kianzio na kuzidisha, sababu inaonekana mara moja. Siku za kwanza virusi katika damu ni vichache mno, na tone lililochukuliwa linaweza kuwa halina hata uzi mmoja wa kushikwa. Sifuri ukiizidisha mara mbili, hata mara 30, ni sifuri. Lakini jaribu kumweka mbele yako mama aliyeletwa na gari la wageni waliovaa mavazi ya plastiki, ambaye ameambiwa: «Mama, wewe uko negatifu. Lakini utabaki hapa.» Kwa masikio yake sentensi ya pili inaifanya ya kwanza kuwa uongo. Tusishangae kwamba watu walishuku.

Na Kiswahili kilikuwa na dawa ya sentensi hiyo, isiyohitaji kamati yoyote ya istilahi. Ni kiambishi -ja-. «Virusi havijaonekana.» Tofauti kati ya «huna virusi» na «virusi havijaonekana» ni somo la mwaka wa kwanza. Ya kwanza inafunga habari. Ya pili inauacha mlango wazi kwa wakati ujao, na msikilizaji yeyote anatarajia kwamba kuna siku ya kutazama tena. Hata anayesema Kiswahili cha mitaani ataifikia maana hiyo kwa neno moja: bado. «Tumetafuta, bado hatujaona, tutatafuta tena kesho kutwa.» Sentensi hiyo ni sahihi zaidi kisayansi kuliko «negatifu», kwa sababu inataja kile mashine ilichofanya, yaani kutafuta, na inakiri kikomo chake.

Upande wa pili hali si nzuri zaidi. «Pozitifu» kwa wengi ni neno la heri: kuwa na mawazo pozitifu, mtu pozitifu. Wataalamu wa Kiswahili sanifu watatupa «chanya», ambalo limebeba heri ileile. Nimesikia watu wakisema kwa furaha kwamba ndugu yao ametoka pozitifu. Sitaki jina lingine hapa pia. Nataka kitenzi: «Tumeviona virusi.»

Kuna hatari upande huu pia. PCR inasoma maandishi ya kiumbe, haiulizi kama kiumbe chenyewe kingali hai. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyemaliza dawa anaweza kuendelea kuonyesha ADN ya bakteria waliokufa. Aliyepona Ebola anaweza kubeba ARN ya virusi katika shahawa kwa miezi mingi, na kuonekana kwake peke yake hakuthibitishi kwamba virusi bado vina uwezo wa kuambukiza. «Tumeona alama za virusi» ingekuwa bora zaidi katika hali hizo. Ona jinsi kitenzi kinavyokubali kurekebishwa, ilhali «pozitifu» halina pa kushika.

Mfano ulionishawishi kabisa ulitoka karibu nasi, Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu ya Kusini. Kuanzia Septemba 2023 mpox ilianza kuenea huko kwa namna isiyozoeleka, na baadaye virusi vyake vikapewa jina la tawi Ib. Palikuwa na kipimo cha PCR kilichotungwa zamani ili kutofautisha tawi la I na tawi la II. Vianzio vyake vilitafuta sehemu fulani inayopatikana katika tawi la I tu. Virusi vya Kamituga, ingawa ni vya tawi la I, vilikuwa vimeipoteza sehemu hiyo. Kipimo kikatafuta neno lisilokuwapo tena, kikanyamaza. Vipimo vingine, vinavyotafuta sehemu ambayo aina zote za mpox wanazo, viliendelea kujibu.

Mtu wa lahaja hahitaji kuelezwa mara mbili. Ni kama mtafiti aliyeamua kwamba atamtambua msemaji wa Kiswahili kwa neno «watoto». Akifika Bukavu, akasikia «batoto» siku nzima, ataandika katika daftari lake kwamba mji huu hausemi Kiswahili. Kosa haliko kwa wasemaji wala masikioni mwake. Liko katika swali alilolibeba kutoka kwao. Nimetumia mfano huu kumweleza binamu yangu anayesoma udaktari kwa nini vianzio lazima vichunguzwe upya virusi vinapobadilika, akasema ataukopa. Kwa hiyo njia inapita pande zote mbili.

Najua pingamizi. Kuna walimu wanaosema biolojia ina lugha yake, Kifaransa leo na Kiingereza kesho, na kwamba kitivo cha lugha kina fasihi na sarufi za kutosha bila kuingia laboratwari. Ninawaheshimu, lakini Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na jibu la kipimo linafika kwa mgonjwa kwa lugha hiyo, tupende tusipende. Tofauti ni kama litatafsiriwa na muuguzi aliyechoka, saa sita ya usiku, kwa maneno yanayomjia mdomoni, au kama kuna mtu aliyekwisha kuyafikiria maneno hayo mchana. Pingamizi la pili linatoka kwa wenzangu wapenda kamusi, ambao wangetaka kila kitu mpaka polimerezi kipate jina la Kibantu. Sipigani nao sana. Ila nawauliza ni mgonjwa gani aliyewahi kukimbia kituo cha afya kwa sababu ya jina la kimeng'enya.

Pendekezo langu ni dogo. Semina yetu ya tafsiri ya muhula ujao ichukue karatasi moja ya majibu ya PCR, kama inavyotoka kwa Kifaransa, na iiandike upya iwe sentensi za kusomwa kwa sauti. Ninaanza mimi: «Tulitafuta virusi katika damu yako kwa mashine inayozidisha alama zao ili zionekane. Leo hazijaonekana. Mwanzoni virusi huwa vichache, vinaweza kukosekana katika tone tulilochukua. Kwa hiyo tutatafuta tena baada ya siku mbili, na mpaka hapo tunakuomba ubaki nasi.» Wenzangu wa biolojia wataisahihisha sayansi yake, na wengine wataona kwamba «alama» ni neno jepesi mno. Wanaotoka Beni na Butembo watatuambia kwamba mama yule nyumbani kwake husema Kinande, na kwamba Kinande nacho kina namna yake ya kusema «bado». Hao ningependa waje wa kwanza.